Kununua gari lililotumika bila kujuta: Mwongozo kwa wakazi wa Kitale na Bungoma

Na MWANDISHI WETU

MAHINDI yakishavunwa na kuuzwa katika Kaunti ya Trans Nzoia, mazungumzo ya wengi hugeukia magari. Mkulima wa Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, huanza kuwazia pikapu ya kubebea mbolea na maziwa. Mwalimu aliyepata mkopo wa chama cha akiba huanza kuulizia kigari kidogo cha kumwondolea adha ya bodaboda wakati wa masika. Naye kijana anayetafuta riziki huiona Probox kuwa ndiyo kazi yenyewe, kwani barabara ya Kitale kupitia Kiminini na Webuye hadi Bungoma haikosi abiria.

Wengi wao hawana uwezo wa kununua gari jipya, na hakuna aibu katika hilo. Magari mengi yanayosajiliwa nchini Kenya kila mwaka ni yale yaliyotumika ng'ambo, hasa Japani, na baada ya kufika huuzwa tena kutoka mkono hadi mkono. Tatizo ni kwamba mtu anayeweza kukagua ng'ombe wa maziwa kwa nusu siku, akimpapasa chuchu na kumhesabu meno, mara nyingi hununua gari la thamani ya ng'ombe kumi kwa mazungumzo ya dakika ishirini. Baadaye ndipo hugundua kwamba injini imechoka, au kwamba gari si mali ya aliyemuuzia.

Makala haya yanaeleza hatua za kufuata ili mnunuzi apate gari zuri kwa bei ya haki, na zaidi ya yote, asipoteze gari na fedha kwa pamoja.

Pima mfuko kabla ya kupima gari

Kosa la kwanza hutendeka kabla ya gari lenyewe kuonekana. Mtu mwenye Sh600,000 hutafuta gari la Sh600,000, akasahau kwamba bei ya kununulia ni mwanzo tu wa gharama. Kuna ada ya kuhamisha umiliki, ambayo hutegemea ukubwa wa injini. Kuna bima. Kuna oili na vichujio vya kubadilishwa, na aghalabu matairi mawili au manne. Kwa hivyo ni busara kutenga angalau sehemu moja kati ya kumi ya fedha zako kwa mambo haya. Mwenye Sh600,000 na atafute gari lisilozidi Sh540,000, kisha ajadiliane apunguziwe hata hapo.

Jambo la pili ni kuamua gari ni la kazi gani. Barabara nyingi za vijijini kuelekea Endebess, Saboti na Cherang'any ni za udongo, na mvua ikinyesha huwa tope tupu. Gari lililo chini sana litakwaruza tumbo kila siku, hata likiwa limeuzwa kwa bei ya kuvutia namna gani. Aidha, uliza kwanza kuhusu vipuri. Gari ambalo kila fundi wa Kitale analijua na ambalo vipuri vyake vinapatikana dukani lina faida kubwa kuliko gari la kifahari ambalo taa yake ikivunjika sharti iagizwe Nairobi. Ndiyo sababu Toyota na Isuzu huuzwa tena kwa urahisi.

Tatu, tazama majira. Msimu wa kuuza mahindi, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, wanunuzi huwa na fedha mkononi, na muuzaji hana sababu ya kushusha bei. Ifikapo Januari, karo za shule hubisha hodi, na punde si punde hufuata gharama ya mbegu na mbolea kwa ajili ya upanzi wa Machi na Aprili. Wakati huo ndipo wenye magari hulazimika kuuza. Mnunuzi aliyevuta subira hujadiliana akiwa na nguvu zaidi.

Kuagiza ng'ambo au kununua hapa nchini?

Wapo wanaoamini kwamba kuagiza gari moja kwa moja kutoka Japani ni nafuu siku zote. Hesabu hiyo ilikuwa rahisi zaidi zamani. Kanuni ya ubora ya KS 1515, inayosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), hairuhusu gari la zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, na gari sharti liwe na usukani upande wa kulia. Mwaka wa 2025, kwa mfano, gari lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa.

Ushuru nao ni mzito. Julai 2023, ushuru wa forodha kwa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa, ambao ni asilimia 20 kwa injini isiyozidi sisi 1500 na asilimia 25 au 35 kwa kubwa zaidi, kisha ushuru wa thamani (VAT) wa asilimia 16. Kila ushuru hutozwa juu ya jumla iliyotangulia. Tuseme Mamlaka ya Ushuru (KRA) imekadiria thamani ya gari dogo kuwa Sh500,000. Kwa viwango hivyo, forodha ni Sh175,000, ushuru wa bidhaa ni Sh135,000 na VAT ni Sh129,600. Jumla ni Sh439,600, kabla ya ada ya kuagiza bidhaa, tozo ya reli, gharama za bandarini Mombasa na safari ya kulileta gari hadi Kitale. Viwango hivi hubadilika na bajeti za serikali, kwa hivyo mwenye nia ya kuagiza na athibitishe hesabu yake kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Anayeagiza ana faida moja kubwa: anaweza kudai karatasi ya mnada wa Japani, inayoonyesha daraja la gari, kasoro zake na kilomita lilizotembea. Alama ya R au RA humaanisha gari liliwahi kuharibika na kukarabatiwa. Hata ukinunua kwa muuzaji wa hapa nchini gari lililowasili karibuni, mwombe karatasi hiyo.

Usidanganywe na herufi za nambari ya usajili. Gari lenye nambari inayoanza kwa KD huonekana jipya machoni pa watu, lakini herufi hizo huonyesha lilisajiliwa Kenya lini, si liliundwa lini. Gari lililosajiliwa hapa mwaka wa 2020 laweza kuwa la 2013. Mwaka wa kuundwa usomwe kwenye logibuku, yaani cheti cha usajili wa gari.

Mtego wa mpakani

Wakazi wa Trans Nzoia na Bungoma wanaishi jirani na Uganda, na vituo vya mpakani vya Suam na Lwakhakha haviko mbali. Kwa miaka mingi, Uganda iliruhusu magari makuukuu kuliko Kenya. Ni mwaka wa 2018 tu ilipopiga marufuku kuingizwa kwa magari ya zaidi ya miaka 15. Kwa sababu hiyo, si ajabu mtu kuletewa gari lenye nambari inayoanza kwa herufi U, likiuzwa kwa nusu ya bei ya gari kama hilo lililosajiliwa Kenya.

Unafuu huo ni wa kupita. Gari la kigeni huruhusiwa kuingia kwa muda tu. Likinunuliwa na kubaki nchini bila kulipiwa ushuru, huwa bidhaa ya magendo chini ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, na maafisa wanaweza kulitwaa barabarani. Na ikiwa limepita miaka minane, hata mnunuzi mwenye nia njema ya kulipa ushuru hataweza kulisajili. Atakuwa na gari la kuegesha uani.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, na kwa hivyo hapa ndipo pa kukawia.

Kwanza, omba logibuku, na uiangalie ile halisi. Linganisha jina lililomo na kitambulisho cha anayeuza. Kisha chukua tochi, fungua boneti, usome nambari ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na nambari ya injini. Zikitofautiana na logibuku hata kwa tarakimu moja, au chuma kikiwa na dalili za kusuguliwa na kupakwa rangi upya, simama hapo hapo. Gari laweza kuwa la wizi.

Pili, usitegemee karatasi peke yake, kwani karatasi hughushiwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya 2012, huwezesha mtu yeyote kutafuta rekodi za gari kupitia eCitizen kwa ada ndogo. Ripoti hiyo huonyesha mmiliki aliyesajiliwa na maelezo ya gari. Anayeshindwa kutumia intaneti anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma. Ifanye kazi hii mwenyewe. Usikubali ripoti iliyochapishwa na muuzaji au dalali wake.

Tatu, chunguza kama gari limewekwa rehani. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwa pamoja na la mmiliki kwenye logibuku, gari bado lina deni. Hata lisipokuwapo, kumbuka kwamba Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya 2017 ilianzisha sajili ambamo wakopeshaji huandikisha mali walizozishikilia. Sajili hiyo pia hutafutwa kupitia eCitizen. Ukinunua gari lenye dhamana iliyoandikishwa, mkopeshaji anaweza kuja kulichukua kwako, nawe ukabaki kumtafuta aliyekuuzia.

Nne, jihadhari na gari la marehemu. Ni jambo la kawaida kijana kuuza pikapu ya babake aliyefariki ili agharamie mahitaji ya nyumbani. Huenda ana shida ya kweli, lakini hana mamlaka hayo. Chini ya Sheria ya Urithi, mali ya marehemu huuzwa na msimamizi aliyeidhinishwa na mahakama pekee. Mnunuzi aliyepuuza hilo hujikuta katikati ya ugomvi wa ndugu, na umiliki hauwezi kuhamishwa kwa sababu mwenye jina hayupo wa kukubali.

Msingi wa haya yote umo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa: asiye na haki juu ya mali hawezi kumpa mwingine haki hiyo. Ulipe bei nzuri, uwe na mashahidi kumi, lakini ikiwa muuzaji hakuwa mwenye gari, kwa kawaida mwenyewe akitokea atalichukua.

Kagua mchana, na uje na fundi wako

Gari lisikaguliwe usiku wala mvua ikinyesha, kwa sababu maji na giza huficha mikwaruzo na rangi isiyolingana. Fundi awe wa kwako. Fundi aliyeletwa na muuzaji hula kwa muuzaji. Malipo ya fundi kwa saa mbili ni kidogo mno yakilinganishwa na gharama ya kufungua injini.

Fika kabla gari halijawashwa, uguse boneti. Ikiwa ina moto, huenda injini ilipashwa makusudi ili tabia yake ya kuwaka asubuhi isionekane. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe kama maziwa ni dalili kwamba maji yameingia ndani. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji yenye mafuta juu yana maana hiyo hiyo. Kisha liwashwe nawe usimame nyuma. Moshi wa samawati huonyesha oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa wa gasketi iliyoungua. Moshi mweusi mzito, hasa kwa gari la dizeli, ni mafuta yasiyoungua vyema.

Tazama mapengo baina ya milango na bodi; yasiyolingana pande zote mbili ni ushahidi wa ajali. Inua zulia na uchungulie shimo la gurudumu la akiba: kutu, matope makavu na harufu ya uvundo husema gari liliwahi kuzama majini. Tairi lililolika upande mmoja huashiria kasoro ya magurudumu ya mbele au ya chesisi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 humaanisha lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi la zamani hupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

Kuhusu kilomita, usiamini dashibodi pekee, maana tarakimu zake hurudishwa nyuma. Gari linalodai kilomita 60,000 huku kanyagio la breki limelika mpira, usukani umeng'ara na kiti cha dereva kimebonyea, linajishuhudia lenyewe.

Kwa Probox na pikapu za eneo letu, kuna uchunguzi wa ziada. Nyingi zimebeba abiria au magunia kupita kiasi. Inama uangalie springi za nyuma. Ukikuta vyuma vya ziada vimeongezwa, au viungio vilivyochomelewa, jua gari hilo limefanya kazi ya punda. Uliza pia kama liliwahi kuwa la uchukuzi wa umma.

Mwishowe liendeshe, au aliendeshe fundi wako nawe ukiwa kando yake, kwa muda usiopungua nusu saa. Lipande kilima, lipite kwenye murram na lipate mwendo kwenye lami. Sikiliza mlio wa chini linapokata kona. Liachilie usukani kidogo mahali palipo salama, uone kama linavuta upande. Kanyaga breki kwa nguvu. Gia ya otomatiki inayokawia kuingia au inayoruka huwa na gharama kubwa ya kukarabati.

Kujadiliana bei

Biashara haigombi. Usianze kwa kulikashifu gari la mwenzako. Kabla ya kwenda, tafuta bei za magari matano yanayofanana nalo kwa mwaka, injini na hali. Baada ya ukaguzi, mwambie fundi aandike kila kasoro na gharama yake: matairi, shokomzoba, betri, taa. Orodha hiyo ndiyo hoja yako. Muuzaji hubishana na maneno kwa urahisi, lakini karatasi yenye hesabu humlazimu kujibu jambo kwa jambo.

Tahadhari na anayekuharakisha. Akisema kuna mtu anakuja na fedha jioni, mwache huyo mtu aje. Usitoe arbuni kabla ya kuona ripoti ya NTSA. Na ikiwa kati yako na mwenye gari kuna madalali, omba kukutana na mwenyewe ana kwa ana, kwani kila dalali huongeza lake juu ya bei.

Njia nyingine ni minada. Benki hutangaza magazetini magari zilizoyatwaa kwa wadaiwa, na idara za serikali pia huuza magari yao ya zamani. Bei yaweza kuwa nzuri, lakini gari huuzwa lilivyo na mahali lilipo, na mara nyingi hutaruhusiwa kuliendesha. Mnunuzi hutakiwa kulipa sehemu ya bei papo hapo na salio kwa muda mfupi, la sivyo hupoteza alichokwisha kulipa. Weka kikomo chako kabla ya kuingia, usije ukachukuliwa na joto la mnada.

Kulipa na kuhamisha umiliki

Andikeni mkataba, ikiwezekana mbele ya wakili. Utaje majina na nambari za vitambulisho vya pande zote mbili, nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa si jambo dogo: gari likigonga mtu jioni hiyo, itajulikana lilikuwa mikononi mwa nani. Lipa kupitia benki, katika akaunti yenye jina lililo kwenye logibuku. Epuka kubeba fedha taslimu.

Kisha hamisha umiliki siku hiyo hiyo. Muuzaji huanzisha shughuli kwenye akaunti yake ya NTSA, na mnunuzi huithibitisha kwenye yake. Ikiwezekana, salio lisikamilishwe kabla ya hatua hiyo kufanywa mkiwa pamoja. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mmiliki mpya kusajiliwa, nayo humtaka muuzaji kuarifu msajili katika siku 7.

Wapo wanaokaa na gari miaka mingi likiwa kwa jina la mwingine ili waepuke ada. Wanasahau kwamba sheria hiyo humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Aliyeuza akishindwa kulipa madeni yake, gari hilo laweza kulengwa na madalali wa mahakama. Akifariki, utawasubiri warithi wake. Muuzaji naye hana raha, maana ajali ikitokea, yeye ndiye atakayeshtakiwa.

Bima ya muuzaji isikupe moyo. Chukua yako, angalau ile ya lazima ya kuwakinga watu wengine, kabla ya kulitoa gari alipolikabidhi.

Ukidanganywa bado kuna sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 humpa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 hukataza udanganyifu katika biashara. Penye wizi au karatasi bandia, ripoti kwa polisi mara moja. Hata hivyo, kesi huchukua muda na fedha, na aliyekudanganya huenda ameshahama. Kinga ni kuchunguza mapema.

Mvuno wa msimu mzima, au mkopo utakaokatwa kwenye mshahara kwa miaka minne, haustahili kutolewa kwa sababu ya rangi inayong'aa na redio yenye sauti nzuri. Gari likiwa na karatasi safi lakini kasoro za injini, unaweza kupunguziwa bei ukalitengeneza. Likiwa na injini nzuri lakini karatasi zenye walakini, rudi nyumbani na fedha zako. Wiki ijayo kutakuwa na gari jingine.